Maji Matupu Yaliposema

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi mnapewa glavu za kila rangi, halafu nawaona mkijikuna pua nazo. Acheni. Naanzia hapo kwa sababu karibu kila kosa nililofanya katika kazi hii lilianzia mkononi, na lile moja lililonifanya nikubali kuandika lilianzia mkononi likaishia shambani kwa mama wa watu.

Mimi ni Muthengi, baba yake Nthenya, mzaliwa wa Nuu, fundi wa maabara mstaafu. Miaka yangu mingi ilikwisha katika damu ya ng'ombe na udongo wa wakulima. Ile ya mwisho ndiyo ilikuwa ya ngisi. Chekeni tu, kila mtu alicheka. Ngisi ni wa bahari, na sisi tulikuwa ng'ambo ya Mutomo, mahali ambapo hata mto hubeba maji siku za kuhesabika. Lakini palikuwa na kisima kirefu cha pampu ambacho waliokichimba walitafuta maji ya kunywa, wakapata maji ya chumvi ambayo mbuzi aliyanusa akageuka. Kikafungwa kikasahaulika. Kisha akaja Daktari Ndinda, mama mwembamba mwenye kusema polepole, akayapima yale maji na kutangaza kwamba yakitiwa chumvi nyingine mbili tatu yatakuwa bahari.

Basi tukatengeneza bahari ndani ya ghala la mawe. Mayai yaliletwa kutoka pwani, yakapitia Kibwezi katika mitungi ya plastiki, meusi na yameshikana kama kishada cha zabibu. Walikuwa wa aina ile ambayo watu wa pwani huiita dome, wanene, wenye mfupa mweupe mgongoni. Sisi tuliwaita ngisi tu. Wakaanguliwa, wakakua, wakajaza matangi manane ya saruji, na nje ya ukuta ule mbuzi walikuwa wakilia kwa kiu.

Daktari alitaka kujua ni kitu gani huamsha kifuko cha mayai cha jike anayefugwa. Majike wa kufugwa wana shida zao: wengine hukomaa wangali wadogo mno, wengine hawakomai kabisa. Niliambiwa hivi, nami nawapa nilivyopewa: kila chembe ya mwili ina kitabu kizima cha jeni, lakini kila siku hufunguliwa kurasa chache tu. Ukurasa unaosomwa hunakiliwa kwenye ujumbe mfupi, na ujumbe huo hauishi muda mrefu. Kazi yetu ilikuwa kuunasa ukiwa bado mbichi, tujue leo kifuko kinasoma ukurasa gani. Ukurasa tuliouwinda zaidi ni wa jeni inayoagiza kiini cha yai kitengenezwe. Huo ukifunguliwa, jike amekata shauri. Atataga, na akishataga atakufa, kwa sababu ndivyo walivyo.

Kwa mkono kazi ilikuwa hivi. Unamlaza jike katika maji yenye dawa hadi asijue lolote. Anageuka mweupe chini ya vidole vyako, rangi zote zinamtoka, na hapo una dakika chache. Unapasua, unakata kipande kidogo cha kifuko, unakitia kwenye kichupa, kichupa kinaingia katika naitrojeni, ile hewa ya baridi kali inayofuka moshi. Siku ya kwanza Daktari aliniambia nisikawie, kwa kuwa mwili umekufa lakini kifuko bado kinaongea. Kitaendelea kuongea kidogo, halafu kitaanza kusema upuuzi. Tulikuwa tunagandisha maneno yake ya mwisho yenye maana. Nilicheka siku hiyo. Baada ya mwezi nilikuwa nikifungua friza nayaona yale mamia ya vichupa yamejipanga kimya, na sikuona tena cha kuchekesha.

Mwanzoni nilikata vipande vikubwa mno. Kipande kikubwa hakigandi katikati, na ujumbe unaoza ndani. Aliyenisaidia hakuwa na cheti chochote. Aliitwa Mama Mwende, mjane wa pale pale, aliyewalisha ngisi na kusugua matangi asubuhi, na mchana akalima shamba lake ng'ambo ya korongo. Aliniona nikihangaika, akatoa kwenye fundo la leso punje tatu za kunde zake, nyeupe zenye madoa mekundu, akaniambia nikate kiasi hicho. Nilizitia katika kichupa, nikaandika juu yake kwa penseli "kipimo", nikakiweka mezani. Andikeni kwa penseli, vijana. Kalamu ya wino hufutika ikiguswa na spiriti, na kichupa kisicho na jina ni takataka. Miezi michache baadaye mkono wangu ulikuwa umejua kipimo wenyewe, na kile kichupa kikaingia kwenye friza pamoja na vingine wakati wa kupanga meza. Nikakisahau.

Kuhusu wale ngisi wenyewe nitasema kidogo, maana usiku wa leo nataka kulala. Mboni ya jicho lao imepinda, nao hawapepesi macho. Ukiingia na koti jeupe, tangi zima linakuwa jeusi kwa mara moja, hata wale ambao hawakuona ukimchukua mwenzao. Nikabadilisha koti nikavaa la kijani. Kwa siku mbili hawakunijua. Siku ya tatu walikuwa weusi kabla sijafika mlangoni. Mama Mwende akiingia hawakubadilika, na alikuwa akiwaimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, mkono ukiwa ndani ya maji hadi kwenye kiwiko.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua limechoma kila kitu, na nilikuwa napima majike wawili wadogo kutoka matangi mawili tofauti. Kwa macho, vifuko vyao vilikuwa havijaanza hata safari: vyeupe, vyembamba, vya kutupwa. Mashine hunakili ule ujumbe mzunguko baada ya mzunguko hadi uwake taa, na ukiwaka mapema ina maana ulikuwa mwingi. Ile jeni ya kiini iliwaka mapema sana. Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikarudia. Ikawaka vile vile. Na katika kila upimaji kuna kichupa kimoja kisicho na ngisi, maji matupu tu, ambacho lazima kikae gizani hadi mwisho. Maji yale yalikaa gizani. Kazi ilikuwa safi.

Nilimweleza Mama Mwende saa nne ya chai, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Hakushangaa. Aliniambia majike wote wameacha chakula siku kadhaa, wamekusanyika pale mfereji wa kisima unapomwaga maji tangini, mikono imelegea, hawasogei, na madume hawamo. Tulienda kuangalia. Walikuwa wameelekeza vichwa vyote kwenye lile bomba, na ngozi zao zilikuwa zikipitiwa na michirizi iliyokwenda upande mmoja, kutoka kwa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Wamesikia maji ya chini," akasema. "Mvua inakuja."

Mvua ilikuja siku ya kumi na mbili.

Daktari Ndinda hakunicheka nilipompa habari, lakini alikataa kuiweka kwenye ripoti. Alisema labda maji ya kisima hubadilika kidogo mvua inapoanza kunyesha milimani mbali, labda ni joto, labda ni uzito wa hewa. Alisema msimu mmoja si kitu. Mwezi wa tatu ikatokea tena: vifuko vichanga, jeni imewaka, majike wamejikusanya mferejini. Mama Mwende akaniuliza wazi kama wamesema, nami nikamjibu wamesema. Akachukua nusu ya mbegu yake akaipanda kwenye vumbi kavu. Mvua ikanyesha siku ya tisa. Kunde zake zilikuwa na maua wakati majirani ndio kwanza wanapalilia, na akina mama wa kanisa walipomuuliza alijuaje, akawaambia aliomba. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameomba pia.

Lazima niwaeleze ile mbegu, maana ndiyo mzigo wa hadithi hii. Watu wengi kwetu hununua kunde dukani. Mama Mwende alikuwa na zile za madoa mekundu alizopewa na mamake, zikakaa katika kibuyu chenye majivu, kikining'inia juu ya moshi wa jiko. Kila msimu alichagua punje nzuri akazirudisha humo kabla hajala hata moja. Hazikuwa za kuuza. Alisema hazihitaji mvua nyingi, na ni za mamake, na hiyo ilimtosha.

Mwezi wa kumi ukarudi. Daktari alikuwa Nairobi wiki nyingi na maabara ilikuwa yangu peke yangu. Ule mwaka fukusi walikuwa wameingia kwenye kibuyu licha ya majivu, na Mama Mwende alijua mbegu haitafika msimu mwingine. Ilikuwa ipandwe sasa, yote, na ipandwe wakati unaofaa, au ipotee. Kila saa nne alikuja akasimama mlangoni mwa maabara, haingii, miguu yake imelowa maji ya chumvi, akauliza kama wamesema. Kila siku nilijibu bado.

Niseme ukweli kuhusu moyo wangu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka thelathini na zaidi, na hakuna mtu aliyewahi kusimama mlangoni pangu akingoja neno langu. Wakubwa walichukua namba wakaenda nazo. Huyu mama alikuwa akiniangalia mdomo. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyopaswa.

Siku moja akaongeza kitu. Alisema ameangalia matangi, na majike hawako mferejini. Wametawanyika chini, wamejifanya rangi ya mchanga, wanakula vizuri. Nilimjibu kwa maneno ambayo bado nayasikia. Nilimwambia macho si mashine.

Siku iliyofuata mashine iliwaka. Jike wa kwanza akawaka, wa pili akawaka. Nikafurahi, nikashusha macho kwenye mstari wa mwisho, na nikaona kile kichupa cha maji matupu kimewaka pia, mizunguko miwili tu nyuma yao.

Someni hapo mara ya pili. Maji ambayo hayana ngisi, hayana kifuko, hayana kitu, yalikuwa yakisema kwamba yako karibu kutaga. Mahali hapo fundi anatakiwa kuzima mashine, kutupa kila kitu, kusugua meza na kuanza upya. Nilikuwa nimewafundisha vijana wengine hivyo, kwa ukali. Lakini mama alikuwa mlangoni. Nikajiambia ni uchafu kidogo tu, sauti ya ngisi iko pale pale chini yake. Nikafunga dirisha la kompyuta kana kwamba yale maji yangenitazama.

"Wamesema," nikamwambia.

"Nipande yote, Baba Nthenya?"

"Yote."

Aliniamini akaenda. Alipanda siku mbili, peke yake, kibuyu kikabaki na majivu.

Mvua haikuja. Siku ya kumi ilipita, ya ishirini ikapita. Alasiri moja kulinyesha manyunyu, ya kulowesha mabati tu, na kunde zikadanganyika zikachipua. Nilipita pale nikaona mistari ya kijani, nikashukuru Mungu kwa sauti. Baada ya wiki moja mistari ilikuwa rangi ya karatasi, na kanga wa porini wakachimbua punje ambazo zilikuwa hazijaota. Mwaka huo haukunyesha kabisa. Wengi wenu mnaukumbuka, ng'ombe walikufa barabarani.

Daktari aliporudi nilimwonyesha matokeo, nikizunguka zunguka. Aliangalia kwa muda mfupi tu.

"Na maji matupu yalisoma ngapi?"

Alifungua pipeti mpya ya kunyonyea maji, vichupa vipya, akatoa kwenye friza vipande vingine vya majike wale wale, akanikalisha nipime upya akiwa amesimama nyuma yangu. Maji yakakaa gizani. Majike nao wakakaa gizani. Mzunguko wa thelathini, wa thelathini na tano, hapakuwa na taa hata moja. Hawakuwa wamesema kitu. Mama Mwende alikuwa amewaona vizuri kwa macho yake.

Ile sauti ilitoka wapi basi? Sikilizeni, kwa maana hii ndiyo hatari ya kazi yetu. Vichupa vikitoka kwenye mashine vimejaa nakala za ule ujumbe, mamilioni kwa mamilioni, na havifunguliwi ndani ya chumba kile. Ni sheria. Mwezi wa tatu, kwa kiburi cha kutaka kutazama tena kazi yangu nzuri, nilivifungua mezani. Nakala zikaingia hewani, zikaingia ndani ya pipeti moja ambayo sikuishika tena hadi siku ile, zikakaa humo miezi saba zikingoja. Niliponyonya maji matupu, zilishuka pamoja nayo. Kwa hiyo waliokuwa wakisema mwezi wa kumi ni majike wa mwezi wa tatu. Walikuwa wamekufa zamani, nimewaua kwa mkono huu, nao walikuwa bado wakitangaza mvua ambayo ilishanyesha na kukauka. Nami nikaibeba habari yao hadi mlangoni kwa mtu aliye hai.

Nilikwenda kwake mchana kweupe. Nilimkuta akiziba boma la mbuzi kwa miiba. Nilimweleza yote, pamoja na ile taa ya mwisho niliyoiona nikanyamaza. Nilikuwa tayari kutukanwa, na ingekuwa nafuu. Alishikilia tawi la mwiba bila kulichomeka.

"Kwa hivyo ni wale wa mwezi wa tatu walisema," akasema.

"Ndiyo."

"Na hawa wa sasa?"

"Walinyamaza."

"Basi hawakukosa." Alichomeka ule mwiba, akachukua mwingine. "Hiyo mbegu mama alinipea nikiolewa. Nimeuliza mpaka Ikutha. Hakuna mtu ako nayo tena."

Hakuacha kazi. Kesho yake asubuhi alikuja kuwalisha ngisi kama kawaida. Lakini hakuimba, na wale ngisi wakawa weusi alipoingia. Nililia siku hiyo, nikiwa na miaka hamsini na tisa, nyuma ya tangi la saba ambako pampu inapiga kelele.

Zilipita wiki. Nilikuwa nafundisha msichana aliyekuja mazoezini jinsi ya kukata kipande, naye akakata kikubwa, nami nikafungua mdomo kumwambia kiasi cha punje ya kunde. Niliacha kisu pale pale nikaenda kwenye friza. Nilitafuta rafu moja baada ya nyingine, vidole vikiganda, kichupa baada ya kichupa cha majike waliokufa, hadi rafu ya pili kutoka chini. Kilikuwa katikati yao. Penseli ilikuwa haijafutika hata herufi moja: kipimo. Ndani yake, punje tatu, nyeupe zenye madoa mekundu.

Nilizipeleka mfukoni mwa shati zikiwa zimefungwa kwa pamba. Mama Mwende alizimwaga kiganjani, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akaingia nazo ndani bila kuniaga. Alizipanda katika makopo ya maziwa mlangoni pake na kuzinywesha maji ya kuoshea vyombo. Moja ilikufa. Mbili ziliota, na moja kati ya hizo ikazaa maganda manne.

Ule mradi ulifungwa, ngisi wa mwisho wakataga wakafa kwa wakati wao, na kisima kimefunikwa tena kwa bamba la chuma. Kabla sijastaafu Mama Mwende alikuja maabara. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia hadi mezani, akafungua kipande cha gazeti, na ndani mlikuwa na punje tatu. Friza ile sasa ni yenu. Rafu ya pili kutoka chini, katikati, kichupa kilichoandikwa kwa penseli. Mkipanga vitu vyenu msikitupe, msikihamishe, na msikifungue mkitaka kujua kina nini. Siku ile nilimuuliza Mama Mwende kama anataka niandike juu ya kichupa jina la mamake.

"Andika tu hivyo ilikuwa," akasema. "Weka huko kwa baridi. Na hizi, Baba Nthenya, usiziulize kitu."